Kumenya Embe Bila Kuliumiza

Ukitaka kumjua mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye mwembe uani, mpe embe na kisu, kisha mtazame anaanzia wapi. Wengi wetu tunaanza kukata. Yeye anaanza kuligeuzageuza. Analipima uzito kwenye kiganja, analinusa penye kikonyo, anapitisha kidole gumba ubavuni, ndipo anachukua kisu. Asiyejua atadhani anazubaa. Kumbe kazi karibu yote imeshafanyika: ameshajua kokwa limelalaje, ameshajua kama embe hilo ni la kukatwa au la kufyonzwa, na ameshaamua ganda lianze kutoka wapi.

Ufundi huu hausifiwi. Mpishi wa pilau anajulikana mtaa mzima, na kwenye shughuli hutumwa watu kwenda kumwita. Msukaji wa ukili ana wateja wake. Mpaka hina siku ya harusi anasubiriwa kwa foleni. Lakini anayemenya embe amekaa zake jikoni, sinia linatoka, vipande vimepangwa, wageni wanasema, "Embe hili tamu kweli!" Wanalisifu embe. Kisu hakuna anayekiulizia. Mimi naona sifa hiyo imegawanywa kwa upendeleo, kwa sababu dodo lilelile likiangukia mkono mbaya litafika mezani limepondeka, linachuruzika maji, lina ukakasi wa ganda pembeni na harufu ya kitunguu kilichokatwa kwa kisu hichohicho asubuhi.

Kinachoamua kila kitu ni kokwa, nalo halionekani. Kokwa la embe ni bapa. Limekaa ndani ya tunda kwa urefu, kutoka kwenye kikonyo kwenda nchani, na nyama imelizunguka bila usawa. Pande mbili za upana wake zina nyama nene, hayo ndiyo mashavu. Pande mbili za ukingo wake zina nyama kidogo tu. Anayelikata embe katikati kwa nguvu anagota, na kisu kikishagota hutafuta pa kuteleza, na pa karibu huwa ni kidole.

Kulijua kokwa lilivyokaa hakuhitaji uchawi. Lishike embe kikonyo kikikutazama. Utaona si duara kamili. Lina upande mrefu na upande mfupi. Huo upande mrefu ndio upana wa kokwa, na kisu kipite sambamba nao, kando kidogo ya kikonyo, siyo juu yake. Kwa embe lenye mdomo uliopinda, kwa mfano ngowe la Lamu, alama ni wazi zaidi, maana mdomo ule umeota upande wa ukingo wa kokwa. Vuta mstari kwa jicho kutoka kikonyoni kupitia mdomoni, umeshalipata. Sikio la punda nalo limejikunja kulifuata kokwa lake. Wenye hadaa ni haya ya mviringo, hasa lile linaloitwa Apple ambalo Wakenya wanalipenda sana, mashavu yamejaa kila upande hadi huoni tofauti. Hapo hata fundi hujaribu kwanza. Anakata kipande chembamba ubavuni, anasikiliza kisu. Kikisuguana na kitu kigumu mapema mno, anageuza embe robo mzunguko na kuanza upya, na kile kipande cha kujaribia anakila mwenyewe.

Kokwa ndilo linalozaa nyuzi pia. Zimejishika kwenye gamba lake gumu na kutokeza nje kuingia kwenye nyama. Ndiyo maana hata kwenye embe la kienyeji lenye nyuzi tele, vipande vya juu huwa laini, na kadiri unavyosogelea kokwa ndivyo meno yanavyopata kazi. Mjuzi hapigani na nyuzi. Anakata vipande vyembamba kufuata ubavu wa kokwa, tabaka kwa tabaka, ili kila uzi ukatike ukawa mfupi usijulikane mdomoni. Ukilikata embe hilohilo vipande vinene vya kuelekea ndani, kila kipande kinabeba nyuzi zake nzima, na mgeni wako atamaliza maongezi akichokonoa meno. Embe ni moja, mti ni mmoja, lakini mmoja atasema amekula embe laini na mwingine atasema amekula kamba.

Sehemu ya kazi hii hufanyika sokoni, kabla kisu hakijatoka kwenye droo. Rangi ni shahidi wa uongo. Dodo linaweza kuiva barabara na bado likawa na kijani kingi, wakati Tommy Atkins, embe la asili ya Florida linalopendwa na wasafirishaji kwa sababu ganda lake linavumilia safari, huvaa wekundu likiwa bado gumu. Wazee hutazama mabega. Embe lililokomaa mtini hujaa mabegani, nyama ikapanda pande zote za kikonyo hadi kikabaki kwenye kishimo. Lililochumwa changa mabega yake yameteremka. Hilo unaweza kulivundika kwenye majivu, kwenye nyasi au ndani ya gunia wiki nzima. Litalainika, ganda litakunjamana, lakini utamu halina pa kuutoa. Baada ya mabega, pua. Embe lililoiva hunukia penye kikonyo kabla ya mahali pengine popote, na pua ndiyo isiyohongwa na rangi.

Neno moja kuhusu friji, maana limeharibu maembe mengi mjini. Embe ambalo halijaiva lisitiwe humo. Baridi ya chini ya nyuzi 12 au 13 za Selsiasi huliumiza: ganda linapata mabaka ya kahawia na nyama inakataa kuiva sawasawa. Liache kwenye kapu liive kwanza, ndipo ulipoze kama unapenda la baridi.

Siku hizi kuna jambo jingine la kukagua. Mwaka 2003 aligunduliwa nchini Kenya nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, yule wataalamu wanayemwita Bactrocera dorsalis, na tangu hapo ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Jike hulitoboa ganda na kutaga mayai chini yake. Nje kinaonekana kidoa tu, pengine kikiwa na tone la utomvu lililokauka. Mmenyaji mzoefu akikiona haendi mbali. Anaanzia hapohapo, anafungua, anapekua, ili funza apatikane jikoni asije akapatikana kwenye bakuli la mgeni. Yuko na fukusi wa kokwa, ambaye hukulia ndani ya mbegu yenyewe. Huyo nyama mara nyingi anaiacha salama, ila kokwa likiwa na tundu, alishatoka.

Kisha kuna utomvu. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anajua ukoo huo una maji ya namna gani. Embe likikatwa kikonyo mtini, utomvu huruka kwa nguvu, na ukigusa ngozi unaweza kuiunguza. Wachumaji waangalifu huacha kikonyo kidogo, kisha wakakipunguza huku wameliinamisha embe kichwa chini ili utomvu uchuruzikie ardhini. Lisipoinamishwa, utomvu unatambaa kwenye ganda na kuacha michirizi myeusi kuanzia kichwani; umeiona sokoni mara nyingi ukadhani ni uchafu. Nyumbani dawa yake ni maji. Embe lioshwe, likaushwe, kichwa kikatwe kipande chembamba na kutupwa kabla kisu hakijagusa mahali pengine, kisha kisu kifutwe. Hatua ya kufuta kisu ndiyo wanayoiruka wengi. Na wale watoto wanaoonekana na vidonda pembeni mwa midomo msimu ukikolea, mara nyingi wamelimenya kwa meno.

Kisu chenyewe kiwe kidogo, chembamba, chenye makali. Lile panga dogo linalotumika kupasulia kuku libaki kwa kuku. Kisu butu hakikati ganda la embe. Kinalisukuma, na linaposukumwa nyama ya chini inapondeka na kutoa maji kabla hata ya kuonekana. Nyumba nyingi za pwani hazina kinoo tena, lakini kila nyumba ina kikombe cha udongo, na ule ukingo mkavu chini ya kikombe, usiopakwa rangi wala mng'aro, unanoa kisu kidogo vizuri kuliko vifaa vingi vya kununua. Visu vya chuma cha zamani, vile vinavyoshika kutu, vina makali mazuri lakini vina ila yake: embe bichi huviacha vyeusi, navyo huliachia weusi huo na ladha ya chuma. Kwa embe, kisu kisichoshika kutu kinafaa zaidi.

Sasa mkono. Nimewatazama wengi, na mkono ninaouheshimu kuliko yote ni wa bibi mmoja wa Tanga ambaye hana ubao wa kukatia na hauhitaji. Anakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, bakuli liko mapajani, sufuria ya maji pembeni kwa ajili ya vidole. Embe liko mkono wa kushoto, kichwa juu. Kisu kiko mkono wa kulia, lakini kidole gumba cha mkono huohuo kimetangulia mbele ya makali, kimelala juu ya ganda, kinangoja. Kisu kinavutwa kuelekea kidole, na kila kinapokaribia kinasimama. Mkono wa kulia hauendi mbali. Unaosafiri ni wa kushoto: unalizungusha embe kidogokidogo, nalo ganda linajivua kwa utepe mmoja unaoning'inia, unarefuka, unazidi kurefuka, hadi unagusa sakafu. Ukiuokota ukautazama ndani, huoni nyama iliyobebwa, umelowa tu.

Kitu cha kutazama zaidi ni pale anapokoma. Hamenyi lote. Anapofika karibu na ncha anaacha ganda la upana wa vidole viwili, limelivaa embe kwa chini.

"Bibi, mbona huku hujamenya?" mjukuu wake alimuuliza siku moja, ameinama karibu mno na kisu.

"Nikimaliza lote nitalishika wapi, mjukuu wangu? Lina utelezi hili. Na wewe rudi nyuma."

Hapo pana akili nyingi katika maneno machache. Kadiri embe linavyomenywa ndivyo hatari inavyoongezeka, kwa sababu mkono unapoteza pa kushikia wakati uleule kisu kinapoanza kuingia ndani. Wengi hujikata hapo, si wakati wa kumenya ganda. Wenye ubao hulibana embe kwa vidole na kuomba Mungu. Wengine huchoma uma kwenye ncha ya kokwa, njia isiyo mbaya ila inachelewesha. Yeye ameacha ganda lifanye kazi ya mwisho kabla ya kutupwa.

Kisha anakata. Kwanza anachanja mistari ya urefu, kutoka kichwani kushuka hadi kwenye lile ganda la chini, kina kinafika kwenye kokwa, mistari imepishana kwa upana wa kidole kimoja. Halafu kisu kinalala. Kinaingia ubavuni kwa ulalo, kinafuata mgongo wa kokwa bila kulikwangua, na kila kipande kinaanguka kwenye bakuli chenyewe, kizima, pembe zake zimesimama. Anamaliza shavu moja, anageuza, anamaliza la pili, kisha mbavu nyembamba ambazo wengi wetu tunazitupa na kokwa. Mbavu anazikata ndefu na nyembamba, na hizo anaziweka juu ya bakuli kwa kuwa ndizo tamu. Maji ya embe yaliyoshuka kwenye kiganja yameingia bakulini; hakuna kilichobaki ubaoni kwa sababu ubao haupo.

"Bibi, kokwa langu!"

"Jana lilikuwa lako. Leo la mwenzio."

Kokwa hilo halikukwanguliwa hadi likawa jeupe. Limebakizwa nyama ya kutosha mtoto kushughulika nayo kwa muda mrefu, na nina hakika kipimo hicho nacho ni cha ufundi. Ukibakiza nyama nyingi, umewanyima wageni. Ukikwangua sana, umevuta nyuzi zote kwenye bakuli na umemwachia mtoto mbao. Ugomvi wa kokwa katika nyumba yenye watoto watatu ni mzito kuliko ugomvi wa urithi, na aliyeshika kisu ndiye hakimu. Kokwa likishafyonzwa hutupwa nyuma ya nyumba, na huko halifi kirahisi. Miembe mingi iliyosimama kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, inasimulia habari ya watu waliokuwa wakisafiri na kula. Ule wa Ujiji ambao chini yake Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871 ulishakufa, lakini miembe iliyotokana nao kwa kubebesha bado ipo pale kwenye kumbukumbu.

Embe bichi lina sheria nyingine kabisa, na wapo wamenyaji hodari wa mabivu ambao mbele ya bichi wanashindwa. Ganda lake limeng'ang'ania, nyama ni ngumu, na kisu kinahitaji kuegemewa badala ya kuvutwa. Likiwa changa sana kokwa halijawa gumu. Kisu kinalipita moja kwa moja, na usipoangalia unaingiza kwenye mchuzi ile mbegu nyeupe yenye uchungu. Anayejua hulipasua, akaibandua mbegu kwa ncha ya kisu, akafuta ile ngozi laini iliyobaki kwenye shimo lake. Kwa mchuzi wa samaki wa nazi, ambao Unguja na kwingineko pwani hutiwa embe bichi pawe na ukali wa kushindana na tui, vipande viwe vinene, vinginevyo vitayeyuka kabla samaki hajaiva. Kwa kachumbari viwe njiti. Kwa achari ya kuanikwa juani viwe na unene mmoja, na hapa siafiki uzembe wowote: kipande chembamba kitakauka kikawa ngozi wakati kinene kilicho karibu yake bado kina maji, na chenye maji ndicho kitakachoota ukungu na kuiozesha chupa nzima.

Kazi hii ni ya zamani kwenye mwambao wetu. Mwaka 1331 Ibn Battuta alifika Mogadishu, na alipoeleza chakula walichokirimiwa alilitaja embe. Aliandika kwamba likiiva ni tamu na huliwa tunda, na likiwa bichi ni kali na hutiwa kwenye siki. Jina la sultani aliliandika. La aliyekata maembe hakuliandika.

Mabingwa wa embe bichi leo wapo vituo vya daladala. Kijana ana ndoo ya maembe, chumvi, pilipili ya unga na kisu kimoja ambacho kimenolewa hadi kimebaki nusu ya upana wake. Analimenya embe huku anaangalia magari, siyo mikono yake. Anachanja nyama pande zote bila kuitenganisha na kokwa, anatia chumvi na pilipili kwenye mianya, na mteja aliye dirishani anapokea tunda zima lililo tayari kuchambuliwa kipande kwa kipande. Dereva hajaingiza gia. Kasi hiyo siisifu kwa sababu ya kasi. Naisifu kwa sababu kila mwanya umefika kokwani na hakuna kipande kilichodondoka.

Mabanda ya juisi na hoteli zina namna yao: mashavu mawili yanakatwa na ganda lake, yanachanjwa mraba mraba, kisha ganda linasukumwa kutoka chini hadi vijipande vinasimama nje. Inapendeza machoni, hasa kwenye picha. Kwa kachumbari ya matunda ni njia nzuri kweli, kwa kuwa vipande vinatoka saizi moja na mikono haichafuki. Lakini kwa kula embe lenyewe, siipendi. Nyama ya karibu na ganda inabaki imeng'ang'ania, mbavu zote mbili zinatupwa na kokwa, na pembe nne za kila kijipande zimekwisha pondwa na kule kusukumwa. Nimeona makokwa yanayotoka kwenye jikoni za namna hiyo. Kungepatikana bakuli la pili humo.

Na kuna maembe ambayo heshima yake ni kutoguswa na kisu. Vile vijiembe vya kienyeji vyenye nyuzi nyingi na maji mengi, ukivimenya unabaki na bakuli la nyuzi na nguo chafu. Hivyo huviringishwa kati ya viganja, taratibu, kichwani hadi nchani, kubonyeza bila kupasua, mpaka nyama yote ndani imekuwa uji na kokwa unalisikia linaelea. Kisha unatoboa ncha kwa jino na kufyonza. Anayeharakisha hupasua ganda ubavuni, na maji yote yanaishia kwenye kiwiko. Watoto wa shule wanajua kazi hii kuliko wapishi. Ukimkuta mtu mzima anakivutia kisu kijiembe cha aina hiyo, mnyang'anye kwa upole.

Embe lililokatwa lisikae. Baada ya saa moja linaanza kutoa maji, pembe zinalegea, na harufu ya kwanza, ambayo ndiyo nusu ya utamu, imeshaondoka. Kwa hiyo ratiba ya kisu hufuata ya wageni: unamenya wanapofika, si wanapotarajiwa. Jambo hili hujulikana zaidi Ramadhani ikiangukia kwenye msimu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mfungo ulikuwa ukianza Novemba, na kwenye futari nyingi za pwani sinia la embe lilikuwa karibu na tende. Kina mama walimenya dakika za mwisho kabla ya adhana, wakiwa wenyewe hawajaonja tone, wakijua utamu kwa kunusa tu. Mfungo unarudi huko. Kwa hesabu za kalenda, mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba, na mara zote mbili maembe yatakuwa yamejaa sokoni.

Ninachohofia ni mikono. Mjini embe sasa linauzwa limeshakatwa, limefunikwa plastiki, na kijana anaweza kufika umri wa kuoa bila kujua kokwa la dodo limekaa upande gani. Kosa si lake. Jikoni tunamfukuza mtoto kwa kuogopa atajikata, kisha tunamshangaa ukubwani. Januari ikifika, maembe yakawa tele hadi bei ikashuka, mkalishe mtoto wako wa miaka minane au tisa karibu nawe, mpe kisu kidogo na dodo moja lililoiva lakini halijalegea. Mwonyeshe kidole gumba kinakaa wapi, na umwambie aache ganda chini la kushikia. La kwanza ataliponda. Mpe la pili.